Moja Iliyobaki Mkononi

Mjukuu wangu Zulekha anasomea kompyuta chuoni. Likizo iliyopita alikaa nami sebuleni, kompyuta yake mapajani, akaniambia amepewa swali dogo: ajumlishe namba mbili, ila kila namba imehifadhiwa kwa mtindo wa mnyororo, tarakimu moja katika kila pingili.

"Babu, hili ni la kitoto," alisema. "Dakika kumi tu."

Alilimaliza kweli kwa dakika kumi. Akanisomea alichoandika mstari kwa mstari, akidhani nasikiliza kwa adabu tu, kama wazee tunavyowasikiliza wajukuu. Alipofika mwisho nikamwuliza, "Na ile moja ya mwisho unaiweka wapi?"

"Moja ipi, babu?"

Nilivua miwani nikaifuta, na niliendelea kuifuta hata ilipokuwa imeshatakata. Baadaye nilimwonyesha mstari uliokosekana. Akacheka, akauongeza, akaenda kunywa chai. Kwake ulikuwa mstari mmoja. Nakuandikia wewe, Zulekha, na wenzako, mjue kwangu ulikuwa nini. Naandika kidogo kidogo baada ya sala ya alfajiri, mkono ukiwa bado na nguvu. Nikirukaruka mtanivumilia. Mwenyezi Mungu amenivumilia mengi zaidi ya hayo.

Nilikuwa karani wa takwimu katika mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita, miaka ya themanini. Jina lake halina maana tena. Umefukiwa, na juu yake watu wanalima mihogo. Shimo letu lilikuwa na kina cha mita mia moja na arobaini. Watu walishuka na kupanda kwa kizimba, yaani sanduku la chuma la kusimama watu sita, lililoning'inia kwenye kamba ya chuma iliyovutwa na winchi. Mawe nayo yalipanda kwa njia hiyo hiyo.

Kamba ya chuma huchoka kama mimi ninavyochoka sasa, kwa ndani, huku nje bado inaonekana ya maana. Kwa hiyo kiwanda kilichoisokota kilituletea cheti kinachosema itafanya kazi kiasi gani kabla ya kuondolewa. Unachukua uzito ulioinuliwa, unazidisha kwa mita ulizouinua, na unaongeza hesabu hiyo siku hadi siku tangu kamba ilipofungwa. Kikomo cha kamba yetu kilikuwa bilioni moja na milioni mia mbili. Ikifika hapo inashushwa, hata kama inang'aa. Kwa siku moja ilifanya kazi ya karibu milioni nne, na kazi yangu mimi ilikuwa kuongeza hiyo milioni nne juu ya jumla ya jana.

Ni hayo tu. Nililishwa mimi na watoto wangu kwa kujumlisha namba mbili kila siku, na bado nilikosea.

Kujumlisha nilifundishwa kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, miaka ya sitini. Nilitoka Kahama nikiwa kijana mwembamba mwenye cheti cha darasa la nane, na kabla ya shule hiyo nilikuwa nimekaa chuoni kwa maalimu miaka mingi, ubao mapajani, nikisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Karani mkuu alikuwa Bwana Petro, Mkristo mcha Mungu, mkali kwa kila kitu kinachoandikwa. Mashine ya kujumlisha ilikuwepo, ile ya kuzungusha kwa mkono, lakini hakuturuhusu kuigusa mpaka tuweze bila hiyo.

Siku ya kwanza nilijumlisha saba na nane. Nikaandika tano, nikaendelea.

"Na ile moja iko wapi?" aliuliza.

"Kichwani, bwana."

"Kichwani mwako kuna mambo mengi, kijana. Kuna chakula, kuna wasichana. Nionyeshe mkono."

Kwake "moja mkononi" halikuwa neno la kusema tu. Ukipata kumi na tano, unaandika tano na unakunja kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Hukikunjui mpaka ile moja imeandikwa mahali pake. Siku moja kengele ya chakula ililia nikiwa katikati ya safu, nikaenda kula huku kidole kimekunjwa. Wenzangu walicheka mpaka ugali ukapoa. Bwana Petro hakucheka. Alipita nyuma yangu, akakiangalia kidole, akasema, "Huyu atakuwa karani."

Miaka ishirini baadaye, kule Geita, ililetwa kompyuta ndani ya kreti, pamoja na vipuri vya pampu. Ilikuwa na kioo chenye maandishi ya kijani na disketi laini mbili. Mhandisi wetu, kijana msomi aliyeharakisha kila jambo, alinituma Dar es Salaam wiki sita nikajifunze lugha ya Pascal. Nilikuwa mtu mzima kuliko wote darasani. Nilirudi na daftari mbili zilizojaa, na nikamwomba mke wangu kanga ya kuifunika mashine, maana vumbi la mgodi halina heshima.

Programu yangu ya kwanza ilitia aibu. Namba nzima katika mashine ile zilikomea elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Ukipita hapo, mashine haikuambii imeshindwa. Inageuka tu na kuhesabu chini ya sifuri. Nilipoingiza kazi ya siku moja ya kamba, ilitoa jibu lenye alama ya kutoa mbele yake. Aliyekuwa amesimama mlangoni siku hiyo, mikono imejaa grisi, ni Masanja, mkaguzi wa kamba.

"Inasema nini hiyo?" aliuliza.

"Inasema kamba imefanya kazi chini ya sifuri."

"Yaani leo imerudi kiwandani kusokotwa upya!" Akapiga makofi. "Mzigua ameleta mashine ya kufufua kamba! Basi iingizeni na magoti yangu!"

Mjue kwanza kwamba mimi ni Mzigua kwa baba. Babu zangu walifika Kahama na misafara, wakabaki wakifanya biashara. Masanja alikuwa Msukuma. Wazigua na Wasukuma ni watani, na utani si mzaha wa kujipendea, ni haki. Mtani wako atakutukana mbele ya mkubwa wako nawe huwezi kukasirika. Ukifa, atakuja msibani kwako, ataingia kaburini kabla yako na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Masanja hakunisalimia hata siku moja kwa salamu ya watu. Nikisema "Mwangaluka," salamu ya kwao ya asubuhi, yeye hujibu, "Bado hujafa? Kuku wangu ananenepa bure."

Nami nilikuwa namjibu. "Msukuma akiona namba kubwa kuliko ng'ombe zake anazimia."

"Nawe hata ng'ombe huna. Unajumlisha nini?"

Basi, nikaacha zile namba nzima za mashine, nikatumia mnyororo kama nilivyofundishwa. Zulekha, wewe na wenzako mnaujua, lakini naueleza kwa wasioujua. Badala ya kuiweka namba nzima mahali pamoja, unaikata tarakimu tarakimu. Kila tarakimu inakaa ndani ya pingili yake, na kila pingili ina kielekezi kinachosema pingili ifuatayo iko wapi. Ya mwisho haielekezi kokote. Mnyororo hauna kikomo kama cha namba nzima. Ukihitaji tarakimu nyingine, unaunda pingili, unaiunga mkiani.

Uzuri wake ni kwamba mnyororo unaanza na mamoja, kisha makumi, kisha mamia. Vijana wenzangu wa Dar walisumbuka kwa kuona namba imesimama kinyume. Mimi sikusumbuka. Maalimu wangu alinisomesha tangu utotoni kuanza upande wa kulia. Unachukua tarakimu ya kichwa cha mnyororo huu na ya kichwa cha mnyororo ule, unaongeza iliyo mkononi, unaandika inayobaki baada ya kutoa kumi, unakunja kidole, unasogea. Mnyororo mmoja ukiisha mapema unaendelea na ule mrefu. Yote miwili ikiisha, umemaliza.

Hivyo ndivyo nilivyoandika: yote miwili ikiisha, umemaliza.

Nilipoanza, kamba ilikuwa tayari na jumla ya milioni mia nne na kumi na mbili kwenye karatasi, nami nikaiingiza yote. Kwa siku ishirini na moja nilijumlisha kwa penseli pembeni ya mashine, na kila siku tulipata jibu moja, mimi na yeye. Karatasi ya siku ya ishirini na moja niliibandika ukutani kwa furaha: 494,320,600. Nikaacha penseli. Nilimshukuru Mungu kwa rakaa mbili, na sisemi uongo, nilijiona mtu mkubwa.

Kisha Mhandisi akaniambia, "Mzee Salehe, mimi sitaki mkia huu wa tarakimu kila asubuhi. Iambie mashine iniandikie kwa maneno. Kamba nzima, au kamba mbovu."

Nikafanya hivyo. Mashine ilijumlisha kimya, ikaweka jumla yake kwenye disketi, ikalinganisha na kikomo, halafu ikachapa maneno mawili: KAMBA SALAMA. Siku kikomo kitakapofika itachapa: KAMBA IBADILISHWE. Mhandisi alifurahi. Nami nilifurahi kwa kuwa amefurahi. Miezi ikapita, na hakuna aliyeiona namba yenyewe tena, hata mimi.

Masanja hakujua kusoma sana, lakini kamba aliijua. Kila asubuhi kizimba kilishushwa kitupu taratibu, naye akaishika kamba kwa tambara la pamba iliyochakaa. Uzi wa chuma ukikatika, ncha yake hujitokeza kidogo na kunasa pamba. Hapo anasimamisha winchi, anafuta grisi kwa mafuta ya taa, anahesabu nyuzi zilizokatika ndani ya msokoto mmoja. Alinifundisha hilo bila kutaka kunifundisha, kwa kunitukana. "Grisi ni kama kanzu yako, Mzigua. Inaficha mbavu."

Asubuhi moja alikataa kutia sahihi kwenye kitabu cha kamba. Watu kumi na wanane wa zamu walikuwa wamesimama na taa zao, wakimsubiri.

"Nyuzi nne," alisema. "Na kamba imekonda."

Mhandisi alinigeukia. "Mashine inasemaje?"

Nilikuwa na karatasi mkononi. "Inasema salama."

Masanja akanitazama, akacheka. "Sawa. Kamba itakuua, nitakuzika, na safari hii sitaki kuku mmoja, nataka na mayai."

Watu wote wakacheka. Mimi nikacheka. Mhandisi naye akacheka, kisha akasema nyuzi nne kati ya nyingi namna ile si kitu. Nikataka kumkomesha mtani wangu mbele ya watu. Nikafungua mlango wa kizimba, nikaingia peke yangu na kanzu yangu na kofia yangu, nikasema, "Shusha! Tuone nani atazikwa."

Nilishuka mita mia moja na arobaini, nikapanda. Nilisoma niliyoyasoma njiani. Nilipotoka juu nikatembea kwa madaha mpaka kwa Masanja, nikamwambia, "Kuku wako ale mahindi yako."

Alichukua kalamu akatia sahihi, na zamu ikashuka, sita sita.

Vijana, nimejiuliza mara nyingi nilithibitisha nini asubuhi ile. Kwamba kamba inaweza kumbeba karani mmoja mwembamba mara moja. Nilikuwa nimeambiwa neno la kweli kwa mdomo ule ule ulioniambia maneno ya kuchekesha miaka yote, nami nikalipokea kama nilivyozoea kupokea. Naye hakuwa na namna nyingine ya kuniambia. Kati yetu mlango wa maneno ya kawaida ulikuwa umefungwa tangu siku ya kwanza.

Siku tatu baadaye nilikuwa nimerudi ofisini kutoka kuswali adhuhuri. Masanja aliingia, akavua kofia yake ya chuma, akasimama karibu na meza.

"Shikamoo, Bwana Salehe," alisema.

Tulikuwa tunalingana umri, na hakuwahi kuniita jina langu.

"Masanja, una nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Naomba unisikilize. Nyuzi ni saba sasa, msokoto mmoja. Nimekwenda kwa Mhandisi, ameniambia macho yangu yamezeeka. Hanisikii mimi. Anaisikia hiyo." Akaielekeza kompyuta kwa kofia. "Naomba uiulize vizuri. Naomba, bwana."

Sikumtania. Nilifunua kanga, nikaiambia mashine isinipe maneno, inipe namba. Ilitafuta kwenye disketi, ikaandika kwa kijani: 241,307,900.

Niliitazama. Nikatazama ukutani, kwenye karatasi yangu ya miezi mingi iliyopita, yenye 494,320,600.

"Inasema nini?" aliuliza Masanja, kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza.

"Inasema kamba imerudi nyuma."

Hakupiga makofi.

Nilichukua daftari za winchi na penseli, nikakaa sakafuni kwa sababu meza ilikuwa ndogo, nikajumlisha siku baada ya siku. Masanja alikaa kwenye kreti, kofia magotini. Nilifika siku moja, kama miezi miwili nyuma, ambapo jumla ilikuwa 998,614,200, na kazi ya siku hiyo 3,920,000. Nikaandika sifuri, sifuri, mbili, nikaenda kushoto. Tarakimu za siku ile zikaisha. Nikaendelea na zilizobaki za jumla ya zamani: tisa na moja ya mkononi ni kumi, andika sifuri, kunja kidole. Tisa nyingine na moja ni kumi, andika sifuri, kunja kidole. Tarakimu zikaisha. Minyororo yote miwili imeisha. Nami nimekaa sakafuni, kidole kimekunjwa.

Mashine ilifika hapo hapo nilipofika, na ikafanya nilichoiambia. Yote miwili ikiisha, umemaliza. Haikuwa na kidole cha kukunja. Haikuunda pingili ya kumi. Ile bilioni nzima ikadondoka, na kesho yake kamba iliyochoka ikahesabiwa kuwa changa, yenye milioni mbili na ushee, na kila asubuhi nikampelekea Mhandisi karatasi ya SALAMA. Zile siku ishirini na moja za penseli hazikunisaidia, maana wakati huo jumla haikuwahi kuongezeka tarakimu. Niliirudisha ile bilioni juu ya namba ya kioo: 1,241,307,900.

"Masanja," nilisema, "imepita kikomo. Ina siku kumi tangu ipite."

Alikwisha kusimama. "Zamu iko chini," alisema.

Tulikimbia. Sikuwa nimekimbia miaka mingi. Mhandisi alikuwa kwenye winchi, na kabla hajauliza nilimwambia mbele ya watu kwamba kosa ni langu, kamba si salama wala haikuwa salama, na asimpandishe mtu kwa kizimba. Namshukuru kwamba hakubishana. Akamwambia dereva azime winchi, na akapiga simu ya chini watu wapande kwa ngazi.

Ngazi ilikuwa pembeni ya shimo, ya chuma, wima, na majukwaa ya kupumzikia kila mita kumi. Mita mia moja na arobaini kwa mikono na miguu, baada ya nusu siku ya kuchimba. Niliomba nipewe kazi ya kuhesabu, na sikumwachia mtu mwingine. Nilisimama mdomoni mwa shimo. Wa kwanza alitoka amelowa kama aliyevuliwa mtoni, akakaa chini, akaanza kututukana sote kwa Kisukuma. Wa pili. Wa tatu. Nilimgusa kila mmoja begani nikitaja namba yake kwa sauti.

Wa kumi na saba alikuwa Kulwa, kijana wa Bugarama. Alitoka akapiga magoti. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Zamu imekwisha," alisema mtu wa winchi.

Nilitazama mkono wangu wa kushoto. Kidole kilikuwa kimekunjwa. Sikumbuki nilikikunja saa ngapi. Nadhani sikuwa nimekikunjua tangu nilipoinuka pale sakafuni.

"Bado mmoja," nilisema.

"Doto," alisema Kulwa, akihema. Doto ni pacha wake. "Yuko kwenye pampu. Ana homa tangu asubuhi. Amejaribu ngazi, ameanguka. Amesema atasubiri kizimba."

Mhandisi aliitazama kamba, nasi wote tukaitazama. Ilikuwa imesimama wima, imenyooka, ina grisi nzuri. Mtu mmoja tu. Mgonjwa. Dakika tatu. Nilijua kila mtu anafikiri hivyo kwa sababu nami nilifikiri hivyo. Nilikuwa nimeipanda mwenyewe siku tatu nyuma.

"Hapana," alisema Masanja. Alikuwa tayari anajifunga mkanda wa ngozi kiunoni. "Nipeni mkanda wa pili na maji."

Alishuka. Kulwa naye akageuka na kumfuata, na hakuna aliyeweza kumzuia. Mimi nilishuka mpaka jukwaa la tatu na kibuyu cha maji, nikashindwa kuendelea, nikakaa hapo. Nilisikia sauti zao zikija kutoka chini, polepole sana. Masanja alikuwa amemfunga Doto mgongoni kwa mikanda, na Kulwa alikuwa chini yao akiisukuma miguu ya ndugu yake, ngazi kwa ngazi. Kila jukwaa walipumzika. Wakati wa alasiri uliingia nikiwa pale. Niliswali nimekaa, nimeegemea chuma, naamini ilikubaliwa. Sikuomba mengi. Niliomba tu nihesabu mpaka mwisho.

Walinifikia jua likianza kupoa. Doto alikuwa na moto mwilini kama jiko, lakini alikunywa maji. Nilipanda mbele yao, nikatoka juu, nikageuka, na kichwa cha Masanja kilipotokea nilimgusa begani Doto, aliyekuwa mgongoni mwake.

"Kumi na nane," nilisema. Nikakunjua kidole. Kilikuwa kimekakamaa, ilibidi nikinyooshe kwa mkono wa kulia.

Kamba ilishushwa wiki ile ile. Masanja aliikata kipande mbele yangu, akakisokotoa kwa koleo. Katikati, kwenye moyo wake wa katani unaokaa na mafuta, kulikuwa kukavu na kutu, na nyuzi za ndani nyingi zilikuwa zimekatika, ambazo tambara lisingeweza kuzinasa. Mtaniuliza, je, ingekatika siku ile? Sijui. Pengine ingebeba watu mwezi mzima mwingine. Nimeishi miaka mingi bila kujua, na kutojua huko kunanichosha kuliko umri. Mhandisi alitaka kuniandikia barua ya onyo, nikamwomba aiandike kweli, nikaitia sahihi. Kisha nikaongeza mstari mmoja kwenye programu yangu: ikiwa mkononi kumebaki kitu, unda pingili mpya, kiweke humo. Na nikairudisha namba kwenye karatasi, yote, na mkia wake wote, na kila asubuhi Mhandisi aliisoma kwa sauti.

Zulekha, hiyo ndiyo moja niliyokuuliza.

Lakini nimeruka jambo moja la jioni ile, nalo ndilo ninalolikumbuka nikiamka. Doto alipokwisha kupakiwa kwenye gari la zahanati, watu walitawanyika. Masanja alikuwa amelala chali chini, mikono imetanuka, viganja vimechunika. Nilikaa karibu naye nikitafuta maneno ya kumwomba radhi, na sikuyapata, kwa kuwa hatukuwahi kuzungumza kwa maneno ya namna hiyo. Mwishowe nikasema tu, "Bwana Masanja, wabeja," yaani asante kwa Kisukuma.

Alibaki amefumba macho. Niliogopa kwamba ataniitikia kwa heshima, kama alivyoingia ofisini mchana, na kwamba itakuwa hivyo kati yetu mpaka tufe.

Kisha akafumbua jicho moja.

"Mzigua," alisema, "umeninyima kuku tena."

Nililia. Yeye akacheka, nami nililia, hapo hapo chini, mpaka mwadhini akaanza kuadhini magharibi.